Aliyejitolea Kulala Chini

Haya yalinipata mimi mwenyewe, siyo rafiki wa rafiki yangu, na sehemu kubwa ya hayo ilinipata jua likiwa juu, mbele za watu wenye akili timamu. Sikuwa nimekunywa. Sikuwa na homa. Kama unatafuta hadithi ya kupitisha muda, tafuta nyingine, maana mimi hii siisimulii kwa kujifurahisha.

Wakati huo mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa bado yanafanya kazi. Kama hukuyaona, sijui nikueleze vipi ukubwa wake. Unasimama barabarani, Mlima Hanang uko mgongoni kwako, na mbele ni ngano, na mbele ya ngano ni ngano tena, mpaka pale ambapo mbingu inashuka. Mimi kwetu ni milimani, Mbulu, kwenye vishamba vya mahindi na maharage ambako jirani ukikohoa anakuuliza kama umepata dawa. Nilipoteremka uwandani mara ya kwanza nilijisikia kama mtu aliyevuliwa shati hadharani. Hakuna mti wa kujificha upepo.

Nilikuwa fundi wa kombaini, zile mashine za kuvunia ngano. Mashine ikigoma katikati ya shamba, nafunga vipuri nyuma ya pikipiki nakwenda. Barabara zile zilikuwa zimenyooka kama rula, na hiyo ndiyo iliyotuumiza. Dereva wa lori la ngano anatimua vumbi, wewe uko nyuma yake huoni hata mikono yako, na ukija kuona, uko mtaroni. Msimu ule wa kuvuna waendesha pikipiki wenzetu walianguka mno. Wengine walikufa, na si wote waliuawa na kuanguka. Wengine waliuawa na watu waliokuja kuwasaidia.

Hayo si maneno yangu. Ni ya Sista Emiliana.

Huyu alikuwa muuguzi wa zahanati ya shamba. Hakuwa mtawa, wauguzi wote tuliwaita sista. Alikuwa amehamia kwetu karibuni tu, mfupi, sauti yake kubwa kuliko mwili. Alimkalia meneja kooni mpaka akakubali kila anayepanda pikipiki, kutoka mashamba yote, aje afundishwe huduma ya kwanza. Tukakusanyika kwenye uwanja wa karakana kuu: mafundi, mabwana shamba, watu wa mifugo, na katekista mmoja aliyekuja na pikipiki ya parokia. Wengi hatukufahamiana. Mashamba yalikuwa mbalimbali, na mtu wa shamba moja angeweza kukaa mwaka mzima bila kumwona wa jingine. Shika jambo hilo, kwa sababu ndilo lililotufanya tusishtuke mapema.

"Mkimkuta mwenzenu ameanguka, mnafanyaje?" Sista alituuliza.

Mmoja akajibu, "Tunamwahisha hospitali, sista."

"Mnamwahisha kaburini! Mnamshika mikono na miguu kama gunia, mnamtupa kwenye trela. Shingo ilikuwa na ufa mdogo, ninyi mnaimalizia. Halafu mnaniletea maiti mnaniambia, sista, tumejitahidi."

Tulicheka, lakini kila mmoja wetu alikuwa anamkumbuka mtu fulani.

Akatufundisha. Simamisha magari kwanza, usije ukagongwa na wewe. Usimvue helmeti ovyo. Usimwinue. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi, usichungulie kila saa kama imekoma. Weka vidole viwili kando ya koo usikilize mshipa. Na kabla ya yote hayo, kabla hujamgusa mtu, uliza: mko wangapi?

"Anayepiga kelele anapumua," alisema. "Huyo anaweza kukusubiri kidogo. Aliyenyamaza ndiye mtafute. Angalia mtaroni, angalia kwenye ngano, angalia nyuma yako."

Kisha akataka mtu wa kulala chini awe majeruhi, ili tujifunze kwa mikono. Hakuna aliyesogea. Wewe ungekubali? Kulala chini kama maiti mbele za watu, msimu ambao wenzako wanakufa kwelikweli? Tulianza kusukumana kama watoto wa shule.

Akatoka mtu nyuma kabisa. Alikuwa mwembamba, amevaa sweta la kahawia lililofumwa kwa mkono, kiwiko kimoja kimezibwa kwa uzi wa kijani. Alikwenda mpaka katikati ya uwanja, akalala ubavu, mkono mmoja chini ya mwili, mguu mmoja umekunjwa vibaya. Alilala kama mtu anayejua alivyotakiwa kulala.

"Huyu ndiye mwanafunzi," Sista akasema. Kisha akanielekezea kidole. "Wewe fundi, njoo."

Nikapiga magoti. Nikaweka vidole vyangu viwili kando ya koo lake.

Niamini, nilikuwa sijawahi kushika kitu cha baridi namna ile. Ilikuwa majira ya baridi, ndiyo, upepo wa uwandani unakata, lakini mwili wa mtu ni mwili wa mtu. Ule ulikuwa kama chuma kilicholala nje usiku. Nikakandamiza zaidi. Hapakuwa na kitu.

"Sista, sipati mshipa."

"Umeshika koo. Sogeza."

Nikasogeza. Hakuna. Sista akachuchumaa, akaweka vidole vyake mwenyewe, akavisogeza huku na huku. Halafu akasimama ghafla akajipangusa mikono kwenye gauni.

"Haya, upo," akasema. "Endelea. Muulize."

Nikamwuliza, "Bwana, mko wangapi?"

Yule mtu akafumbua macho. Akasema polepole, kwa lafudhi ya kwetu Mbulu, "Wawili."

Watu wakaangua kicheko. Sista naye akatabasamu kidogo. "Hapana, bwana, kwa leo uko peke yako. Zoezi ni la mtu mmoja."

"Wawili, sista."

Akaitwa fundi mwingine baada yangu, halafu bwana shamba, halafu katekista. Kila mmoja aliuliza, na kila mmoja alijibiwa vilevile, kwa sauti ileile, bila hasira wala mzaha. Mwisho watu hawakucheka tena. Katekista aliponyanyuka alikuwa anasugua vidole vyake kwenye koti, akijifanya anaondoa vumbi.

Tulipokwenda bwaloni kula makande, nilimtafuta kwa macho. Hakuwepo. Nikamwuliza mtu wa shamba la jirani, "Yule mwenye sweta ni wa kwenu?" Akasema hapana, alidhani ni wa kwetu. Watu wa mifugo walidhani ni fundi. Mafundi walidhani ni wa mifugo. Tuliporudi uwanjani alikuwa ameshalala palepale, ubavu uleule, mkono chini ya mwili, na vumbi lililopeperushwa na upepo lilikuwa limejikusanya kando yake kama linavyojikusanya kando ya jiwe.

Sista alimaliza mafunzo mapema. Alisema kichwa kinamuuma.

Niliondoka kurudi shambani kwangu jua likiwa bado lina mikono miwili juu ya upeo. Njia yangu ilipita kwenye kalvati moja, daraja dogo la zege karibu na njia panda ya kwenda Getanuwas, ambako barabara inavuka korongo dogo la mchanga. Upepo ulikuwa umetulia. Sikukutana na lori hata moja, na hilo wakati wa mavuno si kawaida.

Kabla sijafika kwenye kalvati niliona pikipiki imelala kando ya barabara. Gurudumu la mbele lilikuwa linazunguka. Nikapunguza mwendo, nikasimama kwa mbali kama tulivyofundishwa, nikatazama nyuma na mbele. Ndipo nikagundua kitu. Gurudumu lilizunguka lakini halikutoa sauti. Wala hewani hapakuwa na vumbi, na pikipiki haiwezi kuanguka kwenye barabara ile bila kuacha vumbi linaloning'inia.

Mtu alikuwa amelala ubavu. Sweta la kahawia.

Nilitaka kukasirika. Nilitaka kuamini ni mzaha, kwamba amenitangulia kwa njia nyingine ili wanicheke kesho. Nikamwambia, "Bwana we, mafunzo yamekwisha. Amka twende."

Hakusogea. Akasema tu, "Niulize."

Nilijua analotaka niulize.

"Mko wangapi?"

"Wawili. Amenyamaza."

Akageuza macho yake, macho tu, kuelekea kwenye korongo.

Na hapo, kutoka chini ya kalvati, nikasikia bangili zikigongana. Si sauti kubwa. Ni ile sauti ya mwanamke anapojigeuza usingizini, mkono wake wenye bangili nyingi ukateleza. Kling, halafu kimya. Kling.

Usiniulize kwa nini niliteremka. Labda ni kwa sababu siku nzima nilikuwa nimefundishwa kuteremka. Nilishuka kwenye korongo nikishikilia majani makavu, nikainama kuchungulia chini ya kalvati. Mchanga. Miiba iliyoletwa na maji ya masika. Mlundo wa mawe na matope yaliyokauka. Hapakuwa na mtu. Lakini sauti ilikuwa inatoka palepale, mbele ya uso wangu, chini ya mchanga.

Nilipanda juu kwa mikono na magoti. Barabara ilikuwa tupu. Pikipiki ilikuwa moja, yangu. Nilitazama vumbi la barabarani na niliona nyayo zangu zikienda mpaka mahali alipolala, zikasimama, zikageukia korongoni. Za mwingine hazikuwepo. Niliwasha pikipiki na sikutazama nyuma mpaka nilipoona taa za shamba letu.

Asubuhi nilikwenda zahanati, jirani na karakana kuu. Sista Emiliana alikuwa anachemsha sindano. Nilipotaja kalvati alifunga mlango, akakaa, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kwa mwanamke yule, kukaa kimya hivyo lilikuwa jambo la ajabu peke yake.

"Sikupata mshipa," alisema nilipomaliza.

"Lakini ulisema upo."

"Ningesemaje, fundi? Mbele ya wanaume wote wale? Niseme mtu anayeongea nami amekufa?"

Akavaa koti lake. "Nani wa zamani hapa?"

Wa zamani alikuwa Mzee Hhando, mkuu wa karakana, aliyekuwepo tangu trekta la kwanza lilipoingia uwandani, ingawa siku ya mafunzo alikuwa safarini. Tulimkuta amelala chini ya injini. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba bila kutoka. Sista akaanza kumweleza mtu tunayemtafuta, mwembamba, lafudhi ya Mbulu. Mzee aliendelea kukaza nati. Sista alipofika kwenye sweta la kahawia lenye kiwiko cha uzi wa kijani, spana ilikoma.

Mzee Hhando akajiburuta kutoka chini ya mashine, akakaa kwenye ndoo.

"Huyo ni Boay," akasema. "Wa Maretadu. Sweta alifumiwa na mama yake, na kiwiko kiliungua kwenye ekzosi hapahapa nikiona. Alikuwa fundi kabla yako, kijana. Kazi unayofanya ilikuwa yake. Lakini Boay tulimzika kwao miaka mingi iliyopita. Alianguka kwenye kalvati la Getanuwas."

Nje kombaini ilipita, madirisha yakatetemeka.

"Alikuwa na nani siku hiyo?" Sista akauliza.

"Peke yake."

"Mzee, nani alimkuta?"

"Sisi. Mimi na dereva wa lori. Tulimkuta bado anasema." Alijifuta uso kwa kitambaa chenye grisi, ukawa mweusi zaidi. "Tulimpakia haraka. Alikuwa anatusukuma, anapiga kelele, wawili, wawili. Tukadhani kichwa kimeharibika, anatuhesabu sisi. Na kweli tulikuwa wawili. Alikata roho kabla hatujafika mbali."

"Alikuwa na mke?" Sista hakumwachia.

Ndipo mzee akatueleza. Boay alikuwa amempenda binti wa wafugaji wa Getanuwas, jina lake Udahoda. Wazazi wa binti hawakutaka. Wazazi wa Boay nao hawakufurahi. Wawili hao walikuwa wamepanga kuondoka pamoja kwenda Maretadu, wakaombe msamaha wakiwa tayari ni mke na mume. Boay alipokufa, Udahoda hakuonekana tena. Kwao walisema amekwenda Mbulu na mwanamume wake, na wakakataza jina lake lisitajwe bomani. Kwao Boay walisema binti aliposikia mchumba amekufa alikimbilia kwa mwingine, hata msibani hakukanyaga. Kila upande ulikuwa na hasira yake, na kila upande uliamini yuko mahali fulani anaishi.

"Hakuna aliyemtafuta?" nikauliza.

Mzee Hhando aliinuka akachukua koleo la kuchimbia.

Sista alisema hatuwezi kuchimba kama wezi. Ni lazima kwanza twende kwa mama yake. Kwa hiyo tulikwenda Getanuwas sote watatu kwa gari la shamba, tukamchukua na mwenyekiti wa kijiji njiani. Mama wa Udahoda tulimkuta nje ya boma anakamua ng'ombe, mwanamke mrefu, mkavu, mgongo umenyooka. Tulimwamkia. Akaitika, akaendelea kukamua. Mtoto wake mkubwa wa kiume alisimama karibu akitutazama, fimbo begani.

Mwenyekiti alipolitaja jina la Udahoda, yule mama alisema, "Sina mtoto wa jina hilo."

"Mama," Sista akasema, na kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake ikiwa ndogo, "huyo binti usiye naye, alivaa bangili?"

Mikono ya yule mama ikasimama kwenye kiwele. Maziwa yakaacha kulia ndooni.

"Nilimpa zangu," akasema. "Za shaba. Usiku ule aliokwenda nilimwona anatoka. Nilijifanya nimelala. Asubuhi nikaona bangili zangu nilizokuwa nimemwekea karibu na mlango hazipo, nikajua amezichukua." Alitazama pembeni. Mtoto wake wa kiume akamgeukia kwa mshangao. Ilionekana wazi hakuwahi kulisikia hilo.

Tulifika kwenye kalvati, mama na wanawe wawili wa kiume wakiwa nasi, jua likiwa utosini. Vijana hao walishuka korongoni pamoja na Mzee Hhando wakaanza kuondoa miiba na mawe. Kwao kugusa mifupa ya mtu ni jambo zito lenye miiko yake, na sikuwauliza. Mimi nilionyesha mahali nilipoisikia sauti, kisha nikakaa kando na mama. Uchimbaji haukuchukua muda mrefu. Maji ya masika ya mwaka ule, na ya miaka iliyofuata, yalikuwa yamemsukuma chini ya kalvati na kumfunika kwa tope, tabaka juu ya tabaka.

Kwanza zilitoka bangili. Zilikuwa zimegeuka kijani, na bado zilikuwa mkononi.

Yule mama hakupiga yowe. Alishuka mwenyewe, akakaa kwenye mchanga, akazipangusa bangili kwa ncha ya nguo yake moja moja. Kisha akasema kitu kwa lugha yao, na kijana wake akafunika uso. Nilimwomba mwenyekiti anitafsirie.

"Anasema miaka yote hii amekuwa akipitisha ndama wake juu ya daraja hili. Anasema alikuwa anapita juu yake akiwa amemkasirikia."

Sasa nisikilize vizuri, maana hili lililofuata hata Mzee Hhando alilikiri mpaka anakufa. Yule mama aliinua kichwa akatazama barabarani, juu yetu, mahali ambapo tuliliacha gari. Akauliza kwa Kiswahili, kwa hasira ya mtu anayefanya kazi huku mwingine ameketi:

"Yule aliyesimama pale na sweta, mbona hashuki kusaidia?"

Tuligeuka wote. Hapakuwa na mtu. Lakini majani ya ukingoni yalikuwa yamelala, kama yanavyolala yakikanyagwa, kisha yakaanza kuinuka taratibu, moja moja, kwenda mbali nasi, kuelekea milimani. Upepo haukuwepo. Sista alinishika mkono, na Mzee Hhando alivua kofia.

Polisi waliarifiwa, yakaandikwa ya kuandikwa. Familia mbili ambazo hazikuwahi kukaa pamoja zilikaa. Baba yake Boay alikuja Getanuwas akiwa na dume la ng'ombe na mzinga wa asali, na wakazungumza kutwa nzima. Walikubaliana Udahoda alale kwao, kwenye ardhi ya mama yake, na udongo wa kaburi la Boay uliletwa kidogo kutoka Maretadu ukamwagwa pale. Mama wa Udahoda hakuzuia tena jina la binti yake. Nimesikia mjukuu wake mmoja amepewa.

Mimi na Sista Emiliana tuliendelea kufundisha waendesha pikipiki. Ilikuwa kama tunalipa deni. Mashamba ya serikali yalikwisha, kombaini zikabaki vyuma vya watoto kuchezea, Sista akastaafu, akafa kitandani kwake salama. Mimi nimezeeka. Ila mpaka leo nikiitwa kufundisha, siwezi kuanza kabla sijawashika mkono wote waliokuja, mmoja baada ya mwingine, nikahakikisha kila mkono una joto. Watu wanadhani ni adabu za wazee.

Siku moja, miaka ya karibuni, nilikuwa nafundisha vijana wa bodaboda huko Mbulu. Nilichelewa kufika, nikaanza bila kuwashika mikono. Nikaomba wa kulala chini. Akatoka mwanamke wa makamo, kanga yake ina tope mpaka kiunoni, na kwetu mvua ilikuwa haijanyesha kwa majuma. Vijana wakaanza kunong'onezana, nani kamwalika mama? Yeye akalala chini, polepole, akakunja shingo upande.

Nilipiga magoti mbele yake lakini sikumgusa. Sikuhitaji kumgusa.

"Mama," nikasema, "ni wapi?"

"Kwenye kushuka Yaeda Chini," akasema. "Pale maji yalipokata njia. Harakisha, baba. Yeye bado anapumua."

Nilisimama nikawaambia vijana wawashe pikipiki zao zote. Walipogeuka kumtazama tena yule mama, uwanja ulikuwa na tope bichi tu. Tulikwenda. Korongo lilikuwa limejaa maji ya mvua ya mbali usiku uliopita, yakapungua. Tulimkuta kijana wa bodaboda chini ya pikipiki yake, mguu umevunjika, midomo ya bluu, anapumua. Abiria wake alikuwa hatua chache kutoka kwake, kanga imemganda mwilini, shingo imekunjwa upande. Alikuwa amekufa tangu usiku.

Yule kijana yuko hai. Ana watoto. Siwezi kumtaja, lakini kama umewahi kupita Mbulu huenda umeshampungia mkono bila kumjua.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayepanda pikipiki, na wewe zaidi unayefundisha. Ukifika kwenye ajali, acha simu mfukoni, usipige picha, usimnyanyue mtu. Uliza, na ukijibiwa, amini idadi unayopewa hata kama macho yako yanaona tofauti; shuka mtaroni, pekua majani. Na ukiomba mtu wa kulala chini, akajitokeza usiyemjua kabla hujamaliza kuomba, usimwambie zoezi limekwisha. Boay alitusubiri miaka. Mtu aliye chini ya pikipiki huko Yaeda hana miaka. Mwulize ni wapi, kisha kimbia.